Mtu Aliyeandika Thelathini

Watu wengi wanadhani ile namba iliyoandikwa kwenye kibao cha barabarani imetoka mahali pa maana. Wanadhani kuna mtu mwenye elimu yake aliyekaa, akapima, akafikiri, akaamua kwamba hapa gari iende hamsini na pale iende thelathini. Na mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoajiriwa ukarani katika ofisi iliyokuwa ikishughulika na mambo hayo hapa Unguja. Ofisi yenyewe sitoitaja. Waliokuwemo wanajijua.

Nimepiga chapa barua za namba hizo kwa miaka kumi na minane. Nimeona namba ikipandishwa kwa simu moja tu. Nimeona kibao kikihamishwa kwa sababu kiliziba lango la mtu aliyetaka gari yake itoke bila ya kukata kona. Nimeona vikao vya siku nzima ambamo hakuna aliyeuliza ni nani anayevuka barabara inayozungumzwa. Katika miaka yote hiyo nilimwona mtu mmoja tu ambaye namba hizo zilimuuma kama jino bovu, naye hakuwa mhandisi wala mkubwa wa idara. Alikuwa fundi wa vibao.

Ofisi nzima ilimwita Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo. Kwao wapi na ukoo wake upi sikumuuliza, na angenijibu vibaya lau ningemuuliza. Nnachokijua ni kwamba alikaa Mji Mkongwe, katika chumba cha chini cha nyumba kubwa iliyokuwa ikimomonyoka, na kwamba akikasirika alianza kusema Kikae cha Makunduchi ambacho nusu ya ofisi haikukielewa. Alikuwa akikasirika karibu kila siku.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya ofisi, banda la mabati lenye harufu ya rangi na ya tina ya kuizimulia. Vidole vyake vilikuwa na wekundu usiotoka hata siku ya Idi. Zamani vibao alivichora mwenyewe kwa mkono. Baadaye vikawa vinakuja tayari vimeshachapwa, na kazi yake ilipaswa kuwa kuvipokea na kwenda kuvisimamisha. Yeye alivikagua kimoja kimoja. Akiona tatu imejikunja sana, aliifuta na kuiandika upya kwa brashi.

"Tatu ikifumba inakuwa nane," aliniambia siku moja nilipompelekea karatasi ya kutia saini. "Mtu anayekwenda mbio hana nafasi ya kusoma mara mbili."

Hakuwa mtu mpole, na sitaki kumpamba. Barua zangu alizirudisha zikiwa na duara jekundu kila penye kosa, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Niliwahi kuandika "tahazari," akanifuata mpaka mezani kwangu mbele ya wageni.

"Karani, ni dhali hiyo, si ze. Kama huwezi kuitamka, angalau iandike."

Vibarua wake hawakumaliza mwaka. Kijana mmoja wa bodaboda alimpita mama mjamzito kwa kumkwangua begani pale Darajani, Fundi akamshusha kwenye pikipiki akamtia kofi. Yule kijana alikuwa na haki ya kumshitaki. Hakumshitaki, lakini Fundi hakulijutia kofi lile hata nilipomwambia kwamba mtu mzima hapigi watu ovyo njiani.

Na yeye mwenyewe alikuwa na Vespa, akiiendesha kama mtu aliyefukuzwa. Hili lilinishangaza kuliko yote. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe aliizima injini akaisukuma kwa miguu mpaka mlangoni kwake, hata kwenye jua kali, hata akiwa na homa. Lakini ikifika barabara kubwa huyo hakamatiki. Kofia ya chuma aliivaa siku akitaka.

Siku moja askari wa trafiki walimpiga tochi. Tochi ndiyo hiki kidude cha mkononi wanachokielekeza kwenye gari, kikawaonesha mwendo wake. Alikuwa kwenye sitini na kitu, hatua chache kutoka kwenye kibao cha hamsini alichokisimamisha yeye mwenyewe. Askari alimjua, akacheka, akamwambia, "Ah, Fundi ni wewe. Nenda zako." Fundi akashuka kwenye Vespa.

"Siendi," akasema. "Niandikie."

"Mzee, si nshakusamehe?"

"Hujanikosea wala sijakukosea, unanisamehe nini? Niandikie. Ukiniacha mimi leo kwa kuwa unanijua, kesho utamwacha mwenye gari kubwa kwa kuwa anakujua yeye."

Akalipa faini, akarudi ofisini na karatasi yake, akaibandika ukutani kwenye karakana. Nilimuuliza kwa nini asipunguze mwendo tu, mambo yakaisha. Akasema kwamba amejaribu na hawezi, kwamba barabara ikiwa pana na tupu mkono wake unajikunja wenyewe, na kwamba hiyo ndiyo sababu hawaamini madereva wengine.

"Mimi nnaijua namba ile kuliko mtu yeyote katika kisiwa hiki, na bado ninaipita. Sasa yule asiyeijua?"

Ndipo nilipoanza kumsikiliza. Mpaka siku ile nilimwona mzee mkorofi tu.

Alikuwa na ghadhabu na madereva wanaowashiana taa. Nadhani kila mtu hapa anajua: ukiona askari wa tochi wamejificha chini ya mti, unawawashia taa wenzako wanaokuja upande wa pili ili wapunguze. Wote tunafanya, na tunaona ni uungwana. Fundi aliona ni kushirikiana katika wizi. Tulipokwenda shamba kukagua vibao, alimsimamisha dereva wa wageni aliyetuwashia taa. Yule dereva alikuwa na Wazungu wanne akiwarudisha kutoka Jozani walikokwenda kuona kima punju. Fundi akasogea dirishani.

"Umenisaidia nini?"

"Nimekwambia trafiki wako mbele, mzee wangu."

"Na mtoto akiwa mbele utanambia vipi?"

Wageni wake walitutazama kama tumeanzisha ugomvi. Tukaendelea na safari. Tulipofika Jozani, pale barabara inapopita msituni, dereva wetu akapunguza mwendo, gari ikapanda tuta la kwanza, ikashuka, ikapanda la pili. Kando kulikuwa na kibao chenye picha ya kima. Fundi alihesabu matuta kwa sauti mpaka yakaisha.

"Sina ugomvi na kima," akasema. "Kima akigongwa wageni hawaji, kwa hivyo kawekewa matuta, na vizuri kawekewa. Ila mimi nna skuli Mpendae yenye watoto wanaovuka barabara asubuhi na mchana, haina hata tuta moja. Nnaomba mwaka wa tatu huu. Naambiwa matuta yanaharibu gari."

Mimi nakaa Mpendae. Skuli ile wanangu wameisoma. Barabara yake ilipopanuliwa na kutiwa lami mpya tulifurahi wote, hatukuona kwamba tumetengenezewa uwanja wa mbio mbele ya mlango wa watoto. Gari za wageni zinazowahi uwanja wa ndege zikaigeuza njia ya mkato. Kibao kilichowekwa kilikuwa cha hamsini, kwa sababu ndiyo namba ya mjini, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Fundi alifikiri. Alimwendea sheha wa mtaa, akawaendea walimu, akamsumbua mhandisi wetu mpaka akakubali kuja kuangalia. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, skuli imefungwa. Fundi alichora mstari wa chaki barabarani, akaweka kuti bichi hatua kadhaa mbele yake. Akamwomba jirani yetu mmoja mwenye gari ndogo aje kwa mwendo wa thelathini, na afunge breki akifika kwenye chaki. Gari ikasimama kabla ya kuti. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akamwambia aje kwa hamsini.

Breki zikalia, na gari ikalipanda kuti na kulivuka, ikasimama mbali nalo. Tulikuwa kama watu arubaini pale. Fundi alilinyanyua lile kuti lililovunjika, hakulionesha kwa mtu, akalitupa pembeni.

"Ni jirani mmoja huyo huyo, gari ile ile, breki zile zile," akasema. "Namba ndiyo iliyobadilika."

Mhandisi alikuwa kijana mwenye kusikia. Wiki ile ile akaandika pendekezo, likapita kikaoni, na Fundi akaandika thelathini mbili kwa mkono wake, moja ya kila upande. Siku alipozisimamisha alikuwa karibu kutabasamu. Kwa karibu mwaka mmoja tuliishi vizuri. Askari wa tochi walikuja mara kwa mara, madereva walilalamika, wengine walituita washamba, lakini walipunguza.

Walalamikaji wenye maana hawakulalamika barabarani. Walikwenda ofisini. Walikuwa watu wenye gari za kubeba wageni, na walisema wageni wanachelewa ndege, na kwamba thelathini katika barabara mpya ni kichekesho. Mkubwa wetu wa ofisi aliwapa chai. Mimi ndiye niliyeileta ile chai. Nilisikia akisema, "Hilo dogo, niachieni."

Hakuitisha kikao. Hakumtuma mhandisi kupima kitu, kwa sababu mhandisi alikuwa masomoni nje wakati ule. Alimwita Fundi akamwambia akaondoe vile vibao viwili na kurudisha hamsini.

"Sitoviondoa kwa maneno ya mdomo," Fundi akamjibu. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi. "Kama ni amri, nipe karatasi."

Mkubwa akakasirika, lakini akachukua kalamu. Akaandika rasimu kwa mkono wake, mistari sita, akaniita nikaipige chapa. Ilisema Fundi aondoe vibao vya thelathini mbele ya skuli na kuweka vya hamsini, ili kurahisisha usafiri wa wageni. Nikaipiga chapa. Nakala moja ikaenda kwa Fundi, nyingine nikaitia kwenye faili. Ile rasimu ya mkono niliitia katika mtoto wa meza yangu, chini ya karatasi nyengine. Sikuwa na nia yoyote. Nilikuwa na tabia ya kutotupa kitu.

Nilidhani Fundi angekataa. Mtu aliyemlazimisha askari amwandikie faini, nilidhani angekataa mpaka afukuzwe. Hakukataa. Alichukua spana yake akaenda Mpendae na kibarua, akafungua bolti, akavitoa. Niliwaona nikitoka sokoni. Sikumsemesha, naye hakuniangalia.

Wiki ya tano baada ya hapo, Rahma aligongwa.

Alikuwa darasa la nne. Mama yake, Bi Asha, ni mshoni wa mabuibui, nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya kwangu. Rahma ndiye aliyekuwa akinipitishia nguo zangu zikimalizika kushonwa, na akifika mlangoni haingii mpaka aitwe mara mbili. Siku ile walitoka skuli mchana, akavuka na wenzake wawili; hao wenzake walisema walitazama kwanza. Wao walirudi nyuma, yeye hakuwahi, akafia pale barabarani. Gari ilikuwa ya wageni, inakimbilia uwanja wa ndege. Dereva alisema alikuwa kwenye hamsini au zaidi kidogo. Na hamsini ilikuwa ruhusa.

Wakaazi walifunga barabara kwa mawe na mipira mibovu ya gari siku ile na siku ya pili. Kisha wakajenga tuta wenyewe kwa saruji ya kuchangishana, baya, la upande upande, na hadi leo lipo. Ripoti ilipotoka ilisema mtoto alikatisha barabara ghafla bila ya kuangalia. Niliisoma kwa sababu ilipita mezani kwangu. Nilikuwa nimeona barabara ile kila siku ya maisha yangu, na nikasoma kwamba kosa ni la mtoto wa miaka kumi.

Wazee wa mtaa wakauliza: vibao vya thelathini vilikwenda wapi? Ikaundwa kamati ya watu watatu ije kuuliza ofisini kwetu. Siku moja kabla, Mkubwa alimwita Fundi akamwomba ile barua aitie kwenye faili, ili kamati ikija ikute mambo yamepangika. Fundi akampa. Hivyo ndivyo alivyokuwa: mkali kwa kila kitu, kisha akaamini karatasi itakaa pale ilipowekwa. Jioni nilikwenda kwenye kabati. Faili lilikuwepo. Barua haikuwemo, ya kwake wala nakala yangu.

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibie, wewe hukumbuki barua yoyote ya vibao vya Mpendae," akasema. "Au unakumbuka?"

Hakupandisha sauti. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule. Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyelazwa.

"Sikumbuki," nikamwambia.

Kesho yake kamati ikakaa. Mkubwa akaeleza kwamba vibao viliondolewa na fundi kwa ajili ya kupakwa rangi, kwa hiari yake, bila ya amri. Fundi akasimama. Akasema aliandikiwa barua, na karani aliyeipiga chapa ni huyu hapa, aulizwe. Watu watatu wakageuza nyuso kwangu. Wa katikati alikuwa mama wa makamo, mwenye sura ya huruma, na aliniuliza kwa upole kabisa kama ni kweli.

Nikasema sikumbuki barua ya namna hiyo.

Fundi hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alivaa kofia yake, akatoka, na wiki ile ile akaondoshwa kazini. Karatasi yake ya faini aliiacha ukutani, na mtu aliyeingia baada yake akaibandua.

Lililonichoma zaidi halikuwa hilo. Mwezi mmoja baadaye ofisi yetu ilirudisha vibao vya thelathini mbele ya skuli ile ile, vilivyochapwa vipya, na Mkubwa akaja kuvizindua. Palipigwa turubai, palikuwa na viti, palikuwa na ngoma ya watoto. Alizungumza kuhusu usalama wa watoto wetu. Watu walipiga makofi. Na mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, nimevaa kanga niliyopewa kwa ajili ya siku hiyo, na nilipiga makofi.

Miaka ikapita. Mkataba wangu uliongezwa, mara mbili. Mkubwa akapelekwa ofisi nyengine, kubwa zaidi. Nilikuwa nikikutana na Bi Asha msibani na harusini, na kila alipotajwa mwanawe palitokea mtu wa kusema, kwa nia njema, kwamba watoto wa siku hizi wanakimbia kimbia barabarani. Bi Asha akiinama. Nami nikiwepo, nimenyamaza. Nilimkasirikia Mkubwa kwa hasira ya kumtosha mtu mmoja, na iliyobaki sikuwa na pa kuipeleka ila kwangu mwenyewe.

Nilipostaafu nilisafisha meza yangu. Ile rasimu ilikuwemo ndani ya mtoto wa meza, imepinda pembe moja, mwandiko wa Mkubwa na saini yake fupi chini. Nilikaa nayo nyumbani miezi saba kabla ya kumtafuta Fundi.

Alikuwa amehamia kwa bintiye na mkwewe Fumba, kijijini, upande wa pili wa nyumba mpya zinazojengwa kule. Nilimkuta barazani amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yamemwingia ukungu. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akasikiliza kidogo. "Karani."

"Naam."

Hakuniambia nikae. Nilikaa mwenyewe, kwenye ngazi. Nikamwambia nna kitu cha kumpa, nikamtilia ile karatasi mkononi. Aliigeuza akaisogeza karibu na uso, akairudisha.

"Sioni. Soma."

Nikaisoma. Mistari sita. Ukisoma kwa sauti kitu ulichokificha, maneno yanakuwa marefu. Nilipofika kwenye "ili kurahisisha usafiri wa wageni" nikarudi mwanzo wa mstari, akaningoja nimalize.

"Na saini?"

Nikamsomea saini.

"Ulikuwa nayo siku ile? Siku ya kamati?"

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa mezani kwangu."

Bintiye alileta chai akaenda zake. Fundi hakuigusa. Nilisubiri hasira yake, ile niliyoizoea, na Kikae chake. Haikuja.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia.

"Mimi sijakusamehe," akasema. "Nakwambia kweli, usije ukarudi mjini ukasema nimekusamehe. Lakini umekosea nyumba. Mimi kilichonipata ni kuondoshwa kazini. Watu wengi wanaondoshwa kazini."

"Uliharibiwa jina lako."

"Jina langu." Alitikisa kichwa. "Unajua mimi nilifanya nini, Karani? Niliomba karatasi. Nilijua vibao vile vikitoka mtoto atakufa, nililijua kama ninavyolijua jina langu hilo unalolisema. Niliwapimia watu kwa chaki. Na bado niliomba karatasi, ili likitokea jambo nisilaumiwe mimi. Nikapewa, nikaridhika, nikaenda nikafungua bolti. Huyo Mkubwa hakushika spana."

Upepo ulikuwa ukipeperusha pembe ya karatasi mkononi mwangu, nikaikunja.

"Wiki niliyoondoshwa kazini nilikwenda kwa mama yake," akaendelea. "Nikamwambia mimi ndiye niliyeviondoa. Akaniuliza nani aliyenituma, nikamtajia. Akaniuliza nna ushahidi gani, nikamwambia nilikuwa na barua, nimeirudisha mwenyewe. Akaniangalia kama mwongo. Miaka yote hii ananiona mimi mwongo, na anaambiwa mwanawe alikimbilia gari. Sasa wewe unakuja Fumba kuniletea mimi karatasi."

"Nitampelekea."

"Lini?"

"In shaa Allah, wiki ijayo."

"Kuna nini wiki ijayo?"

Hakuna kilichokuwepo wiki ijayo. Nikainuka. Nilimwambia kwa heri, akaitikia bila ya kunyanyua uso, na nilipofika njiani nilimsikia akimwita bintiye aje kuichukua chai iliyopoa. Alifariki kabla ya Ramadhani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona.

Siku ile ile niliyotoka Fumba nilifika Mpendae wakati watu wanatoka kusali Alasiri. Sikupita kwangu kwanza, kwa sababu najijua, ningetia sufuria jikoni, ningetafuta la kufanya. Nilikwenda moja kwa moja nikapiga hodi. Bi Asha alikuwa kwenye cherehani, buibui nusu limeshonwa nusu limening'inia. Akanikaribisha, akadhani nimeleta kitambaa.

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia karatasi hii ni ya nani, na nani aliyeipiga chapa, na niliulizwa nini na watu watatu, na nilijibu nini. Cherehani ilikuwa imesimama muda mrefu. Hakulia. Alininyoshea mkono nikampa ile karatasi, akaisoma mwenyewe, polepole, mdomo wake ukifuata maneno. Alipomaliza aliiweka juu ya lile buibui akailaza kwa kiganja, kama anavyolaza kitambaa kabla ya kukikata.

"Kwa hivyo yule mzee alisema kweli," akasema.

"Alisema kweli."

"Na mwanangu hakukimbia."

"Hakukimbia. Alivuka kama alivyofundishwa."

Akanitazama. Nilitaka anifukuze. Akakivuta kigoda kwa mguu, akakisukuma upande wangu.

"Kaa kitako," akasema. "Utakaa hapa mpaka watu wa mtaa huu waje, mmoja mmoja, na kila atakayeingia utamsomea."